Kabla hujabadilisha bodi ya kamera kwa ajili ya picha za usiku

Kwa miaka mitatu niliilaumu kamera yangu. Ilikuwa na kihisi (kibapa kinachopokea mwanga) cha ukubwa mdogo uitwao APS-C, cha megapikseli 18, na kila nikirudi kutoka kwenye shughuli ya usiku nilikuta picha zina chenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Siku moja, fedha za bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) zikiwa tayari, nilichukua picha 40 mbovu kuliko zote, nikazikuza hadi asilimia 100 na kuandika kila moja imeharibiwa na nini. Chenga: 9. Fokasi imekosea: 14. Mtu alisogea wakati shata, pazia linaloruhusu mwanga kuingia, iko wazi: 17. Yaani zaidi ya robo tatu hazikuharibiwa na kile nilichotaka kukilipia.

Anza na zoezi hilo. Ni la saa moja tu, na ndilo litakaloamua ununue nini.

Kama ugonjwa wako ni ule wa kwangu, watu kusogea, bodi haitakuponya sana. Usidanganyike na kitulizi cha ndani ya bodi. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza. Jengo utalipiga kwa nusu sekunde bila stendi na litatoka safi, lakini mtu anayeruka jukwaani anataka shata ya 1/200 ya sekunde au kasi zaidi, na kasi hiyo inataka mwanga. Mwanga unaingilia kwenye lenzi. Lenzi iliyokuja na kamera yangu, nikiivuta mpaka mwisho, ilifunguka hadi f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Ile ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Hakuna bodi itakayokupa mara kumi. Nilinunua lenzi, bodi ikasubiri mwaka mzima.

Sasa tuseme kweli ni chenga. Tandaza vikombe uani wakati wa manyunyu: kimoja kitapata matone matano, jirani yake tisa, ingawa mvua ni ileile. Ikinyesha ya kumwagika, vyote vitaonekana sawa. Mwanga nao hufika kwa chembe. Pikseli ikipokea chembe 100, kuyumba kwake ni kama 10, sawa na asilimia 10. Ikipokea 10,000 kuyumba ni 100, asilimia 1 tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chenga za usiku ni uhaba wa mwanga wenyewe, wala si ubovu wa kamera, na dawa yake ni uwanja mpana wa kukingia. Kihisi cha fulufremu kina milimita 36 kwa 24, eneo la 864 za mraba. APS-C nyingi zina takriban 366. Tofauti ni mara mbili na ushee, ambayo kwa lugha ya wapiga picha ni hatua moja na kidogo (kila hatua ni mwanga mara mbili): chenga za ISO 6400 (ISO ni kiwango cha kukuza mwanga hafifu) kwenye fulufremu zinafanana na za kama 3200 kwenye APS-C ya kizazi kilekile. Ni faida ya kweli, ila si muujiza.

Namba kubwa ya ISO iliyoandikwa kwenye boksi ipuuze. Sony A7S III ya mwaka 2020 inafika 409,600, na ni kamera nzuri sana, lakini sijamwona mtu anayetundika ukutani picha ya namba hiyo. Megapikseli nazo zisikutishe. Ukipunguza picha ya megapikseli 45 iwe na ukubwa wa ile ya 12, tofauti ya chenga kwenye ISO za kawaida ni ndogo kuliko watu wanavyobishana.

Fokasi ndipo bodi mpya inapostahili bei yake. Angalia kipimo cha EV, yaani giza ambalo kamera bado inaweza kulenga. Kadiri kinavyoshuka chini ya sifuri ndivyo inavyoona gizani. Canon 6D ya mwaka 2012 ilifika -3, lakini kwa nukta ya katikati peke yake. R6 ya 2020 imetajwa kufika -6.5. Soma maandishi madogo: kipimo hicho kilichukuliwa kwa lenzi ya f/1.2. Ukiweka ya f/4, usitegemee maajabu yaleyale.

Kuna jambo moja ambalo mimi niliambiwa nimeshachelewa. Shata ya kimya, ile ya kielektroniki, chini ya taa za LED inaweza kuchora mistari picha nzima. Taa nyingi za umeme wa 50 Hz hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kihisi kinasomwa mstari kwa mstari. Nilipoteza saa nzima ya tamasha hivyo. Tafuta bodi yenye shata ya chuma na kizuia kupepesa.

Wapiga picha za nyota wana mahitaji yao. Fokasi ya haraka haiwahusu, ila skrini inayokunjuka itaokoa shingo. Kanuni ya 500, ya kujua shata ikae wazi muda gani kabla nyota hazijachora mistari, inasema ugawe 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi: kwa milimita 20 unapata sekunde 25. Kwa vihisi vya pikseli nyingi mimi naishia 15, maana nyota huanza kuwa vijimstari. Piga majaribio ya sekunde 30 pia. Bodi moja niliyoazima ilizifuta nyota ndogo hata kwenye faili za RAW, yaani ghafi, ikidhani ni pikseli mbovu.

Ukinunua iliyotumika, nenda na lenzi na kadi yako. Funika lenzi, piga sekunde 30 kwa ISO 1600, kisha kuza utafute vitone vyekundu au vya samawati. Vichache ni kawaida. Piga chumba chenye giza kwa ISO 6400, na baadaye kwenye kompyuta nyanyua vivuli hatua tatu: chenga zilizotawanyika zinavumilika, michirizi iliyonyooka haivumiliki. Uliza pia kama lenzi zako ni za APS-C, kwa sababu fulufremu ya megapikseli 24 itazikatia picha ibaki na kama 10.

Mwisho omba taa izimwe. Badili ISO, sogeza nukta ya fokasi, funga na kufungua lenzi, vyote kwa kupapasa. Bodi iliyokuwa juu ya orodha yangu niliirudisha mezani hapohapo: kila nilipotafuta ISO gizani nilianzisha video.