Namna ya Kusomea Ikhlasi na Mahaba kwa Mwalimu wa Moyo

Kabla ya kuendelea kusoma mwongozo huu, fanya jaribio dogo. Leo baada ya isha, sali sunna yako msikitini, katika safu ambayo watu wanakuona, na uhesabu umesema "Subhana Rabbiyal-A'la" mara ngapi katika kila sijida. Usiku, ukiwa chumbani peke yako na mlango umefungwa, sali rakaa mbili nyingine na uhesabu tena. Mimi nilipoagizwa jambo hilo na mwalimu wangu, ambaye mchana huuza vitambaa katika soko la Kibuye hapa Kisumu na baina ya magharibi na isha husomesha, nilipata saba msikitini na tatu nyumbani, na hizo tatu zilikuwa za haraka kama za abiria anayeogopa kuachwa na matatu ya mwisho.

Nilimrudia na dawa niliyoitengeneza mwenyewe. Nilimwambia kwamba kuanzia siku hiyo nitazipunguza za msikitini ziwe tatu, ili nisionekane mchaji kuliko nilivyo. Alicheka kidogo, akasema kwamba dawa hiyo ni ugonjwa uleule uliobadili kanzu. Kisha akanisomea kauli ya Fudhail bin Iyadh, mcha Mungu aliyefariki Makka mwaka 803, kwamba kuacha amali kwa ajili ya watu ni riya, yaani kujionyesha, kuifanya kwa ajili ya watu ni shirki, na ikhlasi, yaani usafi wa nia, ni Mwenyezi Mungu akusalimishe na yote mawili. Akaniagiza niziache za msikitini kama zilivyo, na kila wiki niongeze moja katika za nyumbani hadi zizipite.

Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu wa moyo. Sharti na nguzo za sala nilikuwa nimezisoma madrasani tangu utotoni, na hukumu ya riya niliijua, kwa kuwa Sura ya Al-Maun inawataja waziwazi wanaosali kwa kujionyesha. Nilichokosa ni mtu wa kuniona ninapojidanganya, hasa pale ninapojidanganya kwa jambo linalofanana na uchamungu. Qurani inapoeleza kazi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, katika aya ya pili ya Sura ya Al-Jumua, haisemi tu kwamba anawasomea watu aya na kuwafundisha Kitabu na hekima. Katikati inasema kwamba anawatakasa. Kutakaswa kunahitaji mtu mbele ya mtu.

Usidhani haja hii ni ya wajinga peke yao. Imam Ghazali alipewa kiti cha ualimu katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad, mwaka 1091, akiwa bado kijana wa makamo, na wanafunzi walimjia kutoka pande nyingi. Yeye mwenyewe ameandika kwamba alipoichunguza nia yake ya kusomesha aliikuta haikutakasika kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kwamba kilichokuwa kikimsukuma ni kutaka cheo na sifa. Alivutana na nafsi yake kwa miezi, ulimi ukafungika hata akashindwa kusomesha, na mwaka 1095 akauacha mji. Ikiwa mtu wa daraja ile alihitaji kusimama na kuikagua nia yake, mimi na wewe tunaosali baina ya kufungua duka na kupeleka watoto shule hatuna udhuru.

Kumtafuta

Huku kwetu magharibi ya Kenya, Uislamu ulikuja na watu zaidi kuliko ulivyokuja na vitabu. Wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani walifika Mumias katika karne ya 19, wakakaa na Wawanga, na mfalme wao, Nabongo Mumia, akasilimu. Kisha reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wengine wakaja nayo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwalimu, kwa adabu na si kwa kumpima, ni alisoma kwa nani. Mwenye elimu ya kweli hulifurahia swali hilo. Atakutajia mwalimu wake na mwalimu wa mwalimu wake, na huenda jina mojawapo likakufikisha Lamu, katika Riyadha iliyoasisiwa na Habib Swaleh, au katika chuo kingine cha pwani. Anayekwambia kwamba elimu yake imemshukia tu bila mwalimu, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Usimtafute kwenye mimbari peke yake. Katika mitaa kama Bondeni ya Nakuru, au vijijini pembezoni mwa Mumias, huenda mtu unayemhitaji ni maalim anayesomesha watoto alifu na bee, au bibi mzee ambaye wanawake humwendea alasiri. Kaa katika darsa yake wiki tatu au nne bila kujitambulisha. Tazama anavyozungumza na mtu anayefagia msikiti, anavyomjibu anayempinga, na iwapo anaweza kusema "sijui". Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali 48, akajibu 32 kati yake kwa neno hilo. Tazama pia hali yako mwenyewe unapotoka kwake: ukitoka na hamu ya kusali, kaa, ukitoka na hamu ya kumsimulia yeye tu, jihadhari. Hata hivyo usimtafute asiyekuwa na dosari, kwa maana mchagua jembe si mkulima.

Zipo alama ambazo hazihitaji wiki tatu. Anayetoza pesa ili akuombee dua, anayedai kujua ya ghaibu, anayetaka kukutana na mwanamke faraghani, anayekukataza kuwaambia jamaa zako unachosoma kwake, au anayesema kwamba yeye amefika daraja ambayo sala si lazima tena, mkimbie siku hiyohiyo. Hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, na kauli hiyo inamhusu shekhe kama inavyomhusu mfalme. Kumpelekea mwalimu sukari kilo mbili au nauli kama hidaya ni adabu njema. Bei iliyotajwa kabla ya dua ni biashara.

Kuhusu tarika, yaani njia za Kisufi, wapo waalimu walio katika Kadiria, Shadhilia au Alawia, na wapo wanaosema kwamba kuitakasa nafsi hakuhitaji jina. Usianzie kwenye mjadala huo. Nimewaona vijana waliomaliza miaka miwili wakibishana juu ya tarika bila kusali tahajudi hata usiku mmoja.

Kukaa naye

Ukishaamua, subiri watu watawanyike baada ya darsa, umpe salamu, na useme shida yako kwa ufupi: "Shekhe, nasali lakini moyo haupo. Naomba unielekeze." Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza. Usiombe ijaza, yaani idhini ya kusoma au kusomesha, na usimweleze historia ya maisha yako. Mpelekee ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja, kama unavyoonyesha jino linalouma na si kinywa kizima. Tena uueleze ugonjwa, usisimulie dhambi. Mtume ametuonya juu ya mtu ambaye Mwenyezi Mungu amemsitiri usiku, naye akaamka asubuhi kuyatangaza aliyoyafanya. Inatosha kusema "nasumbuliwa na macho yangu" au "napenda kusifiwa". Mwalimu mwenye busara hatakuuliza ulikuwa wapi na nani.

Mwanamke anayesoma kwa mwalimu mwanamume amuulize hadharani, au akiwa na mumewe au maharimu wake, au kupitia mke wa mwalimu. Akimpata mwanamke mwenye elimu, ni bora zaidi, kwa kuwa atayaeleza mengi bila kumung'unya maneno.

Atakapokupa jambo la kufanya, litakuwa dogo, nawe utalidharau. Usilidharau. Amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa chache, na hadithi hiyo ni sahihi. Huenda akakuagiza istighfari mara 100 baada ya alfajiri, kama Mtume mwenyewe alivyokuwa akiomba maghufira mara 100 kwa siku; huenda akakupa uradi, yaani dhikiri za kusoma kila siku, wa Imam Haddad wa Tarim, Yemen, ambao misikiti mingi ya Afrika Mashariki huusoma baada ya isha. Usome kama ulivyopewa. Ukikuta mwingine mrefu zaidi kwenye simu na moyo ukatamani kuuongeza, muulize kwanza, kwa sababu nafsi hupenda uradi mpya kama inavyopenda viatu vipya.

Mahaba, yaani kumpenda Mwenyezi Mungu, hayafundishwi kwa maelezo. Siku moja Mtume alimshika mkono Muadh bin Jabal, akamwambia kwa kiapo kwamba anampenda, ndipo akamuusia asiache kusema baada ya kila sala: "Allahumma a'inni ala dhikrika wa shukrika wa husni ibadatik", yaani ewe Mola nisaidie nikukumbuke, nikushukuru na nikuabudu vizuri. Angalia mpangilio wake: mkono, kisha mapenzi, kisha wasia. Dua ileile ukiikuta ukutani imeandikwa kwa wino wa dhahabu utaipita. Ukiipokea kwa mtu anayekupenda, utaisema hadi kaburini. Kwa hiyo kaa karibu na mwalimu hata pale asiposomesha. Kisumu mvua ya jioni huja kwa ghafla, na inapoanza kupiga mabati ya msikiti wetu hakuna sauti nyingine inayosikika. Jioni moja ilitukuta katikati ya somo. Mwalimu aliweka uzi mwekundu mahali alipofika, akafunga kitabu, akainamisha kichwa na midomo ikaanza kutembea. Hakutazama saa, hakutoa simu. Sisi wanafunzi tulitazamana, tukaona haya, kisha nasi tukaingia katika dhikiri mmoja mmoja. Ilinyesha karibu nusu saa. Somo lenyewe la siku ile limenitoka, lakini uso wake katika ile kelele ninao hadi leo.

Wala usitarajie mahaba yaje kabla ya kazi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema kwamba mja hajikurubishi Kwake kwa jambo linalopendeza zaidi kuliko yale aliyomfaradhishia, kisha huendelea kujikurubisha kwa sunna mpaka Ampende. Anayelia katika kasida usiku wa maulidi akalala alfajiri ikampita ameanza kwa ncha. Mwalimu wako akikuuliza juu ya fardhi zako kabla ya kukuuliza juu ya machozi yako, jua umepata mwalimu.

Pamoja na uradi, chagua amali moja ya siri ambayo hata yeye haijui. Baada ya kufariki Ali Zainul Abidin, kitukuu wa Mtume, waoshaji walikuta mgongoni mwake alama za kubeba magunia, na mafukara wa Madina wakakosa chakula walichokuwa wakiletewa usiku bila kumjua mletaji. Siku hizi siri imekuwa ngumu, maana ukituma pesa kwa simu jina lako hutangulia. Njia niliyofunzwa ni kwenda kwa mwenye duka, kuuliza kuhusu deni la mjane fulani katika daftari, kulilipa na kumwomba mwenye duka akate mstari bila kusema ni nani. Usimwambie mtu, wala usitafute njia ya kumfanya mtu akisie. Hilo la pili ndilo gumu.

Mwalimu naye anaweza kuwa ndiye unayemwonyesha. Utalia katika dua kwa sababu yuko safu ya mbele yako, utaamka tahajudi ili umweleze Ijumaa. Kipimo chake ni safari: akiondoka wiki mbili na uradi wako ukalegea, basi ulikuwa ukimsomea yeye. Mweleze atakaporudi, bila kupamba. Mtume alipofariki, Abu Bakar aliwaambia Masahaba kwamba aliyekuwa akimwabudu Muhammad basi Muhammad amekufa, na aliyekuwa akimwabudu Mwenyezi Mungu basi Yeye yu hai na hafi. Hakuna mwalimu aliye juu ya kauli hiyo. Awapo safarini, kaa saa ileile ya darsa, mahali palepale ikiwezekana, na usome ulichokwishapewa. Mawaidha ya kwenye simu yanafaa kwa elimu, ila hayawezi kukuhesabia sijida.

Mwalimu wangu alipokwenda pwani mwezi mzima, niliandika hesabu zangu kila usiku kwenye karatasi, msikitini na nyumbani, na kufikia wiki ya tatu za nyumbani zilikuwa tisa. Aliporudi nilimpa ile karatasi kwa mikono miwili. Aliikunja bila kuisoma, akauliza ni nani mwingine aliyeiona. Nikamwambia ni mke wangu, na shemeji yangu siku alipotutembelea. Akaitia mfukoni mwa koti, akasema kwamba mwezi ujao nisali vilevile, ila nisiandike kitu.