Jinsi ya kuishika methali ya Kitelugu

Kwanza isome kwa sauti. Maneno mengi ya Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, huishia na irabu kama yetu, kwa hiyo ulimi hautakusumbua: "Mokkai vanganidi, manai vanguna?" Mokka ni mche, manu ni mti. Mche uliokataa kupinda, utapinda ukishakuwa mti? Usikimbilie kusema "samaki mkunje angali mbichi" ukaona umemaliza. Lisikilize lile swali la mwisho, maana ndilo linalouma. Mama mwenye nyumba wangu kule Hyderabad, India, alimtupia swali hilo mwanawe aliyegoma kuamka, mkono umejaa rojo la dosa, chapati nyembamba za mchele na dengu.

Halafu itumie. Mimi nilianza na "Adagande ammaina pettadu": usipoomba, hata mama hakupakulii. Nikasogeza sahani. Mama huyo alicheka, akaongeza dosa mbili.