Kutambua aina za RNA kwenye sampuli, hatua kwa hatua

Anayetaka kupima RNA, molekuli zinazonakiliwa kutoka kwenye DNA ya seli, mara nyingi huuliza kwanza atumie mashine gani. Mimi humrudisha nyuma: unatafuta RNA ipi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Hatua ya 1: Linda sampuli. Vimeng'enya vya RNase, vinavyokata RNA, vimo kwenye ngozi na vumbi, na RNase A hustahimili hata kuchemshwa. Badilisha glavu mara kwa mara. Sampuli isiyotumika leo ikae kwenye nyuzi -80.

Hatua ya 2: Toa RNA. Njia ya fenoli na guanidini, waliyoichapisha Chomczynski na Sacchi mwaka 1987, hutoa RNA ndefu na fupi. Kolamu za silika, yaani vichujio vinavyonasa RNA, ni za haraka zaidi, lakini nyingi hazishiki vizuri RNA iliyo chini ya nukleotidi (viungo vya mnyororo wa RNA) 200. MicroRNA, RNA fupi inayodhibiti jeni, ina nukleotidi 22 hivi, kwa hiyo unaweza kuimwaga yote kabla hujapima chochote! Fuata utaratibu wa kolamu ulioandaliwa kwa RNA fupi, wenye ethanoli nyingi zaidi. Kisha ondoa DNA kwa DNase, kimeng'enya kinachokata DNA.

Hatua ya 3: Kagua. Uwiano wa 260/280, yaani mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 ukigawanywa kwa ule wa 280, ukikaribia 2.0, protini si tatizo. Uwiano huo hauonyeshi kama RNA imekatikakatika, basi ipitishe kwenye jeli. Kwa seli za binadamu, mkanda wa 28S ung'ae karibu mara mbili ya ule wa 18S; hizi ni RNA mbili kubwa za ribosomu, mashine ya seli inayounda protini. Ukiona ukungu uliotambaa chini, usiendelee. Toa RNA upya.

Hatua ya 4: Tengeneza cDNA, nakala ya DNA inayotokana na RNA. Hapa ndipo aina za RNA zinapoachana njia.

RNA mjumbe (zinazobeba maelekezo ya kuunda protini) nyingi zina mkia wa A, yaani mfululizo wa herufi A, hivyo praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili) ya oligo-dT, yenye herufi T tupu, inazishika. RNA ya ribosomu haina mkia huo, wala baadhi ya RNA ndefu zisizounda protini; tumia praima nasibu, zenye mpangilio wowote wa herufi. MicroRNA ni fupi mno kwa praima ya kawaida: tumia praima yenye kitanzi, au iongezee mkia wa A kwanza. RNA ya duara, ambayo ncha zake zimeungana, ina hila yake nzuri. Kimeng'enya cha RNase R hula nyuzi zenye ncha na kuacha nyingi za duara, kisha unapanga praima za PCR (mbinu ya kuzidisha DNA) zinazotazama pande tofauti, zikutane kwenye kiungo cha duara tu.

Hatua ya 5: Pima. Kwa qPCR, PCR inayopima kiasi, weka kontroli (sampuli za kulinganishia) mbili: isiyo na RNA, na yenye RNA lakini bila kimeng'enya cha kutengeneza cDNA. Hii ya pili ikitoa ishara kama ya sampuli, unapima DNA iliyobaki. Ukitaka kuona urefu wa RNA yenyewe, mbinu ya Northern, inayotenganisha RNA kwenye jeli kisha kuitafuta kwa kipande chenye alama kinachooana nayo, bado ina thamani, ingawa inahitaji RNA nyingi.

Kwa usomaji wa mfuatano, kumbuka kuwa RNA ya ribosomu ni takriban asilimia 80 ya RNA yote ya seli. Iondoe, au vuta zenye mkia wa A ukijua kwamba za duara utazikosa.