Somo: Ajaili bila majaribio ni vikao tu. Jinsi ya kuandika msimbo unaosomeka na unaojaribika

Wakuu, habari za wakati huu.

Niliwahi kuwa kwenye timu ya kutengeneza programu ambayo ukiitazama ungesema ajaili (agile, yaani kujenga programu kidogo kidogo kwa mizunguko mifupi) yenyewe ndiyo hii. Kila asubuhi tunasimama duara, kila mtu anasema jana alifanya nini. Ubao umejaa karatasi za rangi. Kila wiki mbili tunaonyesha kazi. Lakini siku ya kutoa toleo jipya hakuna aliyetaka kuwa wa kubonyeza kitufe. Ukirekebisha fomu ya kujiandikisha, ripoti ya mwezi inakufa. Ukifufua ripoti, barua pepe zinaanza kwenda mara mbili mbili. Vikao tulikuwa navyo vyote. Majaribio, yaani programu ndogo zinazohakiki kama programu yenyewe inafanya kazi, hatukuwa na hata moja.

Somo hili linahusu hicho kilichokosekana. Nitatumia Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kuwa hata asiyeijua anaweza kuifuata. Na maandishi ya programu (code) nitayaita "msimbo", maana nikisema kodi kuna atakayedhani nadaiwa na mwenye nyumba.

Historia kidogo. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, wakaandika Ilani ya Ajaili. Ni fupi mno: inatanguliza watu na maelewano mbele ya taratibu na zana, programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi, kushirikiana na mteja mbele ya kubishania mkataba, na kuitikia mabadiliko mbele ya kung'ang'ania mpango. Humo hutakuta kikao cha kusimama wala karatasi za rangi. Kikao cha kila siku cha dakika 15 kimetoka kwenye skramu (Scrum), mojawapo ya njia za kufanya kazi kwa ajaili. Mmoja wa wale 17, Kent Beck, tangu miaka ya 1990 alikuwa akihimiza watu waandike jaribio kabla ya msimbo, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalobeba mengine yote. Utaitikiaje mabadiliko ikiwa kila ukigusa faili mkono unatetemeka?

Hatua ya 1: Chukua hitaji moja dogo, kwa maneno ya anayelitaka

Tuseme mkutubi anakwambia: "Anayechelewesha kitabu afungiwe kuazima. Siku 3 tunasamehe. Zaidi ya hapo, kila siku moja ni siku 2 za kufungiwa, zisizidi 30."

Inaeleweka, sivyo? Usikimbilie kibodi. Mtu akichelewa siku 10, tunahesabu 7 au zote 10? Akirudisha mapema? Akichelewa siku 3 kamili, yumo kwenye msamaha au ametoka? Rudi kwa mkutubi leo leo ukamuulize. Hapa ndipo ajaili ilipo: swali la dakika 2 leo badala ya malumbano ya mwezi ujao. Tuseme amejibu: msamaha haufutiki, kwa hiyo siku 10 zinahesabiwa 7, siku ya 3 imo kwenye msamaha, anayewahi haadhibiwi.

Hatua ya 2: Tazama msimbo ambao wengi tungeuandika

```
def proc(m, f):
    d = (date.today() - db.tafuta(m, f).t).days
    if d > 3:
        x = (d - 3) * 2
        if x > 30:
            x = 30
        db.hifadhi(m, x)
        tuma_barua(m, x)
```

Unafanya kazi, sikatai. Lakini nithibitishie kwamba siku ya 4 inatoa adhabu ya siku 2. Itabidi uwashe kanzidata (ile "db", ghala la taarifa za programu), uweke mwanachama wa uongo, uchezee saa ya kompyuta, halafu uombe barua isiende kwa mtu wa kweli. Ndiyo maana watu wanasema "kuandika majaribio ni kazi ngumu". Ugumu wenyewe uko ndani ya msimbo: hesabu, saa, kanzidata na barua vimefungwa kwenye furushi moja. Jaribio likikushinda kuliandika, linakuonyesha fundo lilipo.

Hatua ya 3: Tenganisha hesabu na dunia

Ukishika hatua hii tu, somo limekuingia. Kila kinachotegemea dunia ya nje, yaani saa, kanzidata, mtandao, faili, bahati nasibu, kitoe nje. Kinachobaki ni hesabu tupu: unaipa vitu, inakurudishia jibu, na ukiipa vilevile mara elfu jibu halibadiliki.

```
SIKU_ZA_MSAMAHA = 3
ADHABU_KWA_SIKU = 2
KIKOMO_CHA_ADHABU = 30

def siku_za_kufungiwa(tarehe_ya_mwisho, tarehe_ya_kurudisha):
    alizochelewa = (tarehe_ya_kurudisha - tarehe_ya_mwisho).days
    za_kuhesabiwa = max(0, alizochelewa - SIKU_ZA_MSAMAHA)
    return min(za_kuhesabiwa * ADHABU_KWA_SIKU, KIKOMO_CHA_ADHABU)
```

Ona tarehe ya kurudisha inaingia kama kitu cha kupewa. Fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina, kinachoanza na "def") haichungulii saa yenyewe. Kusoma kanzidata na kutuma barua vitabaki kwenye fanksheni nyingine nyembamba inayoiita hii. Hiyo nyembamba haina uamuzi wowote ndani yake, kwa hiyo hainikoseshi usingizi.

Hatua ya 4: Andika majaribio kwenye mipaka

```
def test_siku_ya_tatu_bado_ni_msamaha():
    assert siku_za_kufungiwa(date(2024, 3, 1), date(2024, 3, 4)) == 0

def test_siku_ya_nne_adhabu_inaanza():
    assert siku_za_kufungiwa(date(2024, 3, 1), date(2024, 3, 5)) == 2

def test_februari_ya_siku_29():
    assert siku_za_kufungiwa(date(2024, 2, 27), date(2024, 3, 2)) == 2

def test_aliyewahi_haadhibiwi():
    assert siku_za_kufungiwa(date(2024, 3, 10), date(2024, 3, 8)) == 0
```

Ongeza na la kikomo: aliyechelewa siku 18 anapata 30, wa siku 19 naye 30. Hitilafu hupenda kukaa mpakani, pale 3 inapogeuka 4, kwa hiyo sihangaiki kujaribu siku ya 7, ya 8 na ya 9. Tazama pia lile la Februari: tarehe zilezile mwaka 2023 zingetoa 0, kwa sababu siku zingekuwa 3 tu.

Pytest, zana ya kuendesha majaribio ya Python, hutambua yenyewe fanksheni zinazoanza na test_, na kinachosemwa na "assert" kisipokuwa kweli, jaribio linafeli. Hayo mengine ya jina ni yako, yatumie vizuri. Jaribio likifeli saa za usiku, jina ndilo la kwanza utakalosoma.

Ukishazoea, anza na jaribio kabla ya fanksheni. Liendeshe, lifeli. Andika msimbo mdogo kabisa wa kulipitisha. Kisha safisha, ukiliendesha kila mara. Usiruke ile sehemu ya kuliona likifeli. Nimewahi kukaa siku nzima na jaribio lililokuwa linapita kwa sababu halikuwa linajaribu chochote.

Hatua ya 5: Majina

Hapa sitachukua muda. "d", "x" na "proc" vinamlazimu msomaji kukumbuka kilichokuwa kichwani mwako. Namba 3 na 30 zikielea bila jina, hakuna atakayejua ni sheria au bahati. Na kama kitu kina kipimo, kipimo kiwe kwenye jina: muda_wa_kusubiri_sekunde, uzito_kilo. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa kuwa programu moja ilitoa matokeo kwa vipimo vya ratili wakati nyingine ikiyapokea kama nyutoni. Jina peke yake labda lisingekiokoa chombo, ila angalau mtu angepata nafasi ya kushtuka.

Maelezo pembeni ya msimbo yaeleze kwa nini. Kinachofanyika kinaonekana. "Ongeza 1 kwenye i" ni kelele.

Hatua ya 6: Hifadhi kidogo kidogo, onyesha mapema

Jaribio likipita, hifadhi kwenye Git (zana ya kutunza kila toleo la msimbo) papo hapo, badiliko moja kwa wazo moja. Weka majaribio yajiendeshe kila mtu anapopeleka msimbo. Mwonyeshe mkutubi hiyo hesabu hata kabla hujatengeneza ukurasa. Akisema "kumbe sikukuu zisihesabiwe", unatabasamu, unaandika jaribio jipya linalofeli, unaendelea. Hapo ndipo ile sentensi ya ilani kuhusu mabadiliko inapata miguu.

Karibuni kwa maswali.

---

Swali: Mkuu asante kwa somo. Bosi wangu anasema majaribio yanapoteza muda, anataka kuona vitu vinatoka. Nifanyeje?

Jibu: Usiombe ruhusa ya kuandika majaribio, ndugu. Fundi seremala hamwombi mteja ruhusa ya kupima ubao kabla ya kuukata. Makadirio unayompa yawe yamejumuisha majaribio tayari. Halafu weka kumbukumbu kwa wiki chache: saa ngapi umetumia kujenga kitu kipya, saa ngapi umetumia kurekebisha kilichokuwa kinafanya kazi. Hiyo daftari itaongea naye kuliko mimi.

Swali: Nimerithi mradi wa maelfu ya mistari, jaribio hakuna, aliyeuandika kaondoka. Nianze kuandika majaribio ya kila kitu?

Jibu: Hapana, utakata tamaa wiki ya kwanza. Subiri ombi la kubadilisha kitu. Ukilipata, nenda pale unapopaswa kugusa, andika majaribio yanayonasa tabia iliyopo sasa hivi, hata kama unaiona ni ya ajabu. Fanksheni ikitoa 17, jaribio liseme 17. Usisahihishe bado, huenda kuna ripoti mahali inaitegemea hiyo 17. Ukishaizungushia uzio, ndipo unachomoa hesabu kutoka kwenye furushi kama tulivyofanya hatua ya 3. Mwezi hadi mwezi utaona sehemu zinazoguswa sana ndizo zenye majaribio, na ndizo zinazoyahitaji. Sehemu ambayo haijaguswa miaka, iache ilale.

Swali: Umetumia majina ya Kiswahili kwenye msimbo. Huo si ushamba? Kazini wote tunatumia Kiingereza.

Jibu: Haha, sawa. Kama timu yenu ina watu wasiojua Kiswahili, au mradi uko wazi kwa dunia nzima, tumieni Kiingereza bila kujiuliza. Lakini kanuni ninayoifuata ni kutumia maneno ya wenye kazi. Mkutubi akisema "msamaha" na msimbo ukasema kitu kingine, kila kikao kitakuwa na mkalimani, na tafsiri ndipo makosa yanapoingilia. Kibaya zaidi ni kuchanganya: faili moja inasema msamaha, nyingine inatumia neno la Kiingereza, na zote mbili zinamaanisha kitu kilekile.

Swali: Mimi niko peke yangu, sina timu. Ajaili itanisaidia nini?

Jibu: Vikao viache. Chukua mizunguko mifupi, kuonyesha kazi mapema na majaribio. Unaye mwenzako mmoja, ni wewe wa miezi 6 ijayo, na huyo hatakumbuka lolote.

Swali: Vipi kuhusu kufikisha asilimia 100 ya mistari iliyojaribiwa? Kwetu ni lazima.

Jibu: Kipimo hicho kinaonyesha mistari iliyopitiwa. Kuwa imepitiwa hakumaanishi imethibitishwa. Futa kila "assert" kwenye majaribio yako uone: asilimia itabaki palepale. Natumia namba hiyo kutafuta sehemu zilizosahaulika, basi. Ikishakuwa lengo, watu wataandika majaribio ya kuiridhisha.

Swali: Na kanzidata yenyewe haijaribiwi? Au unaweka kaimu wake (kitu bandia kinachojifanya kanzidata) kila mahali?

Jibu: Inajaribiwa, ila kwa majaribio machache yanayotumia kanzidata ya kweli ya majaribio. Kaimu ninamweka kwa vitu kama kutuma barua au kulipisha. Ukiona jaribio moja lina makaimu watano, rudi hatua ya 3, furushi bado halijafunguliwa.

Swali: Mkuu nimefuata hatua zote, majaribio yanapita mchana kutwa. Ila jana nikiwa nafanya kazi usiku wa manane kwenye seva, moja likafeli. Asubuhi linapita tena! Sijabadilisha kitu.

Jibu: Saa ya seva yako ni UTC (saa ya marejeo ya dunia)? Kama watumiaji wako wako mbele ya UTC kwa saa 3, basi kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9 usiku kwao ni leo, kwa seva ni jana. Fanksheni ya hesabu haina shida hiyo kwa sababu haijui saa. Kwa hiyo mahali fulani kwenye jaribio hilo, au kwenye kitu linachokiita, bado kuna date.today() imejificha. Itafute kwenye mradi mzima, uweke hapa mistari inayoizunguka tuitazame.