Kwesheni tegi: kale kaswali ka mkiani kanakotuponza majuu

Niko Moshi likizo ya Desemba, mpwa wangu anaondoka Januari kwenda kusoma Uingereza. Jana tumekaa barazani akaniuliza, mjomba, hivi zile kwesheni tegi tulizokaririshwa shule huko watu wanazitumia kweli au zilikuwa za mtihani tu? Nikacheka. Nikamwambia wanazitumia asubuhi mpaka jioni, na mimi zimeshanilaza njaa. Sasa ngoja niandike na hapa, mana najua tuko wengi tumekaa majuu miaka na bado zinatupiga chenga.

Kwesheni tegi ni kale kaswali kanakobandikwa mwisho wa sentensi. Sisi tunasema "sio?", "au sio?", "eti eeh?" na biashara imeisha, neno moja linafunga kila kitu. Kiswahili kimetudekeza. Zamani nikiwa mgumu, nabeba mizigo ya wageni mlimani, pale geti la Machame ungetusikia wote na "isn't it" yetu: "You are tired, isn't it?", "You like ugali, isn't it?" Wageni wanaelewa na tip wanatoa. Ila ukihamia kwao unagundua kila sentensi inazaa mkia wake.

Unautengenezaje? Tafuta kitenzi kisaidizi kilichomo ndani ya sentensi, yani is, can, have na wenzao, ukigeuze. Sentensi ikikubali mkia unakataa, sentensi ikikataa mkia unakubali, alafu unamalizia na I, you, we, he, she, it au they, jina la mtu hulirudii. "She is from Arusha, isn't she?" "You can't drive, can you?" Kama kisaidizi hakipo unaazima do, does au did kufuatana na tensi: "Your mum lives in Moshi, doesn't she?" "They took the bus, didn't they?" Hapo umemaliza sehemu kubwa.

Vimeo vipo lakini vichache. Kwenye "I am" mkia ni "aren't I", yani "I'm late, aren't I?", usiulize kwa nini, wao wenyewe ndo wanavyosema, na "am I not" ni sahihi kabisa ila utaonekana umevaa tai kwenda sokoni. Never, hardly na nobody zinahesabika zimeshakataa, kwa hiyo "He never calls, does he?" na "Nobody came, did they?" Ukisema let's, mkia ni shall we. Ukianza na there, there hiyohiyo inarudi: "There's snow on Kilimanjaro, isn't there?" Na hiyo 's iangalie vizuri maana ina sura mbili, "He's tired, isn't he?" lakini "He's gone, hasn't he?"

Sauti nayo inabeba maana. Mkia ukishuka mtu hakuulizi, anataka tu umuitikie, kama jirani anayesema "Cold today, isn't it?", we mjibu "It is" muendelee na safari. Ukipanda, hapo kweli hajui, anataka jibu.

Sasa kilichonilaza njaa. Nilikuwa nimeanza kazi ya kutunza wazee, wiki ya kwanza, msimamizi akapita koridoni mbiombio akaniuliza, "You haven't had your break, have you?" Mimi kichwani natafsiri, hujapumzika bado, sio? Ndiyo bana, sijapumzika. Nikamjibu "Yes" na tabasamu juu. Akasema "Oh good" akapita zake, na mimi nikasimama pale nasubiri kuruhusiwa kwenda kula mpaka shifti ikaisha.

Shida ni kwamba "ndiyo" yetu inamkubalia aliyeuliza, umesema kweli. Yes na No za Kiingereza hazimuangalii muulizaji, zinaangalia jambo lenyewe. Umekula ni Yes, hujala ni No, hata swali lije limepinda vipi. Mwenye nyumba akikuuliza "You don't have pets, do you?" ukajibu "Yes", tayari unafuga paka ambaye hayupo na chumba umekikosa. Dawa yangu ni kutokuacha Yes au No ikae peke yake, naibandika mkia na mimi: "No, I don't", "No, I haven't", "Yes, I have". Hata ukiteleza kwenye neno la kwanza, mtu atashtuka akuulize tena.

London utawasikia vijana wanafunga kila sentensi na "innit", na Wamarekani wana "right?" yao, hizo ndo kama "sio" zetu kabisa. Right itumie popote ukibanwa. Innit iache kwa washkaji, kwenye intavyuu ya kazi hapana.

Ila kuna bei. Ukizoea kujibu kizungu ulimi haurudi haraka. Leo mchana mama kafunua sufuria ya mtori, akanigeukia, "Hujala bado, eeh?" Nikamjibu "Hapana." "Haya, kama umeshakula basi," akafunika sufuria, akampelekea jirani bakuli langu.