Gita la umeme la mtumba Malindi na Lamu: kagua shingo kwanza, jina soma mwisho

Kama unataka kununua gita la umeme la mtumba huku kwetu, nakuomba jambo moja kabla ya yote, lile jina lililoandikwa kichwani liwache kwanza. Jina ni stika tu, na stika za Fender, kampuni kubwa ya magita ya Marekani, zinauzwa mtandaoni kwa pesa kidogo sana, mtu anabandika, anapaka vanishi juu, kesho yake anakwambia "kaka hii orijino, Mtaliano wangu aliniwachia akirudi kwao." Na huenda ni kweli aliwachiwa, Wataliano wako Malindi miaka mingi na vyombo wamekuja navyo, lakini hadithi huwezi kuipima, mbao na chuma unaweza. Kwa hivo msikize muuzaji kwa heshima, kunywa chai yake, alafu omba ruhusa ulikague.

Beba bisibisi ya nyota, rula ya chuma, waya wa kuchomekea gita, na ile mita ya mafundi wa umeme. Tochi unayo kwa simu. Na kama unajuana na mtu wa duka la M-Pesa muombe akuazime ile taa ya zambarau ya kukagulia noti feki, nitakwambia kazi yake hapo chini.

Anza na shingo manake shingo ndio gita lenyewe, vingine vyote vinabadilishwa. Lishike kama unalenga shabaha, jicho moja ufunge, tazama kutoka kichwani kuelekea chini kwa ukingo wa shingo. Upinde kidogo wa kwenda mbele ni sawa, nyuzi zinavuta. Kisha finya uzi mnene kwa freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) na kwa ile ya mwisho kwa pamoja, angalia kati pale freti ya 7 ama ya 8, nafasi ya unene wa karatasi hivi ni nzuri, ikiwa kubwa shingo imekunjwa mbele, ikiwa hakuna kabisa na nyuzi zinagonga basi imekunjwa nyuma. Hio haitishi kama kile chuma kilicho ndani ya shingo bado kinazunguka, ndani ya robo duara unairekebisha. Kinachotisha ni shingo iliyojisokota, upande wa nyuzi nene umeenda huku na wa nyembamba umeenda kule. Hapo mimi narudisha gita kwa mwenyewe na nashukuru, hata liwe la bei ya bure, manake huku pwani unyevu hauishi na gita lililokaa karibu na bahari bila boksi lake linaweza kuharibika hivo na huwezi kulinyoosha na fundi wa kawaida.

Freti nazo zitazame, yale mabonde chini ya nyuzi kwenye freti za mwanzo ukiyahisi kwa kucha ujue limepigwa sana, na kubadilisha freti zote ni kazi ya fundi mzuri ambaye huenda ukamfuata Mombasa ama Nairobi, kwa hivo hesabu hio gharama na nauli kwenye bei. Ule ukijani juu ya freti na kutu kwenye skurubu huku kwetu ni jambo la kawaida, chumvi ya bahari haichagui, ukisafisha inatoka, usikubali kutishika nao ila tumia kupunguza bei.

Sasa pima. Kutoka pale nyuzi zinapoanzia chini ya kichwa hadi katikati ya freti ya 12, Stratocaster na Telecaster, magita ya Fender, ni milimita 324 hivi, kwa sababu urefu mzima wa uzi ni 648. Les Paul ya Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, ni kama 314. Ukikuta tofauti kubwa kwa gita linalosema ni la aina hio, mazungumzo yameisha. Likitimia vipimo usishangilie bado, feki nyingi siku hizi zinatimia.

Kwa Fender, kuna kitu watu wengi hawaelewi, shingo yake imefungwa kwa skurubu sio gundi, kwa hivo shingo ya huku inaingia bodi ya kule bila shida. Unaweza kukuta shingo ya kweli ya Marekani kwenye bodi ya bei rahisi, ama kinyume chake, na hapo unanunua nusu gita kwa bei ya gita zima. Muombe mwenyewe alegeze nyuzi atoe skurubu nne za nyuma. Mwisho wa shingo, sehemu inayojificha ndani, mara nyingi utakuta muhuri ama tarehe ya kalamu, na kwenye tundu la bodi pia, angalia kama zinasemezana. Muuzaji wa kweli hakatai, anaweza kuona tabu lakini hakatai. Anayeanza kukasirika na kusema una dharau, mwache.

Siriali ya Fender inakuambia miaka: herufi S ni miaka ya 70, E ya 80, N ya 90, Z kuanzia 2000, na zile za karibuni zinaanza US na mwaka. Ikianza na M mbele, kama MN ama MZ ama MX, hilo limetengenezwa Mexico, ni gita zuri kabisa, lakini bei yake si ya Marekani na mtu asikudanganye hapo. Kabla ya 1976 namba ilikuwa kwenye kibati cha chuma nyuma pale skurubu zilipo. Tovuti yao ina sehemu ya kuingiza siriali, ingiza, na pia itafute hio namba mtandaoni hivi hivi, kwa sababu watengeneza feki huwa wanarudia namba moja kwa magita mengi, ukikuta magita matatu ya rangi tofauti yenye namba moja umeshajua. Na mtu akikwambia ni Stratocaster ya American Standard, ile iliyotoka 1987, tazama briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi, inafaa kukaa juu ya nguzo mbili. Ukikuta skurubu sita zimepangwa mstari sio hio.

Squier ni jina la Fender pia, la bei nafuu. Nyingi za modeli zake za Affinity na Bullet bodi ni nyembamba, karibu milimita 40, wakati Stratocaster kamili ni 45 hivi, kwa hivo rula inakuonyesha Squier iliyobandikwa stika. Lakini usidharau kila Squier! Zile za Japani za mwanzo, 1982 hadi 1984, siriali inaanza JV, watu wanazitafuta dunia nzima, na huku unaweza kuikuta kwa mtu ambaye hajui alichonacho. Mwambie. Mimi naona ni haki mtu ajue mali yake kabla hajaiuza, na bado mtapatana.

Gibson ni hadithi nyingine na feki zake ndizo nyingi zaidi. Kile kifuniko kidogo cha plastiki pale kichwani, cha Gibson kinashikwa na skurubu mbili, ukiona tatu shuku mara moja. Kitoe, ndani unafaa kuona nati ya pembe sita iliyotokeza ya kufungwa na spana, sio tundu la kuingiza ufunguo. Nyuma ya shingo karibu na kichwa, pitisha tochi, kama kuna mstari unaokata shingo upande hadi upande ujue mbao mbili zimeunganishwa pale, Epiphone, jina la bei nafuu la Gibson, na feki hufanya hivo, Gibson yenyewe hawafanyi. Siriali ya magita yao ya kawaida tangu 1977 imegongwa ndani ya mbao, ukipitisha kidole unaihisi, haijaandikwa na wino wala stika. Zile za tarakimu nane zinasomeka hivi: ya kwanza na ya tano ni mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka. Kwa mfano 82563517 ni mwaka 1983, siku ya 256, yaani katikati ya mwezi wa tisa. Ukikuta siku ya 480 basi mwaka wao una siku nyingi kuliko wetu na gita halifai.

Na Gibson hata ya kweli, kagua pale shingo inapokutana na kichwa, imelala kwa pembe kubwa na huvunjika ikianguka hata kwa kusimamishwa vibaya ukutani. Ikiwa imeshawahi kuvunjwa na kubandikwa vizuri na gundi ya mbao italia vizuri tu miaka mingi, lakini bei inashuka sana, na usikubali kuambiwa "ni mkwaruzo wa rangi". Hapo ndipo taa ya noti inafanya kazi. Ingia chumba chenye giza umulike, vanishi ya zamani ya aina ya nitro inang'aa kijani-manjano na sehemu iliyoguswa baadaye inaonekana doa jeusi. Gita la zamani lililopakwa rangi upya linaweza kupoteza karibu nusu ya bei, ndio sababu nawaomba ndugu zangu wa bendi, gita kuukuu likichubuka msilipeleke kwa mpaka rangi wa magari, hata likiwa baya machoni liwacheni hivo.

Malindi kuna jambo letu pekee, magita ya Kitaliano. Ukikuta Eko usipite. Kiwanda kilianza 1959 Recanati, eneo la mafundi wa kodiani, na zile za mwanzo wa miaka ya 60 zimefunikwa plastiki ileile ya kumeta ya kodiani, na vibonye vya kubonyeza vingi badala ya swichi moja. Watu wanadhani ni toi. Si toi, na kiwanda hichohicho ndicho kilichowatengenezea Vox wa Uingereza magita. Thamani ya Eko iko kwenye utimilifu, vibonye vyote vipo, briji ni yake, vifundo vya voliumu ni vyake, manake vipuri hutavipata hapa wala Nairobi, na iliyopungukiwa ni ya kupigia tu sio ya kuwekeza.

Umeme wa gita lolote upime bila hata ampi, kile kipaza sauti cha gita. Chomeka waya, voliumu fungua mwisho, weka mita upande wa pili wa waya, badilisha swichi moja moja. Pikapu, vile visumaku vinavyonasa mlio wa nyuzi, zile ndogo za Stratocaster zinasoma kama kilo-omu 5.5 hadi 7, zile pana za Les Paul 7 hadi 9 hivi. Ikisoma hakuna kitu, huenda ni waya wa jeki umechomoka, hio unalehemu kwa dakika, ama ule uzi mwembamba wa shaba ndani umekatwa na kutu, na hapo ni pikapu mpya. Voliumu zinazokwaruza si shida, dawa ya kupuliza inatosha.

Bei sasa. Usitumie bei ambayo watu wanaomba, tumia bei ambayo magita yameuzwa, tovuti za kuuzia za Reverb na eBay zote zinaonyesha zilizouzwa. Tuseme gita kama hilo linauzwa kule kwa dola 500, toa freti, toa pikapu, toa boksi kama hakuna, alafu kumbuka kuleta lako kutoka nje kungekula usafiri na ushuru na VAT, kwa hivo huku kulipa zaidi kidogo si ujinga. Msimu ukifa, baada ya Pasaka hadi mwezi wa sita, hoteli zinafunga na bendi zinakaa bila kazi, vyombo vingi vinatoka na bei inashuka, ila anayeuza wakati huo mara nyingi ni mwanamuziki mwenzio mwenye kodi ya nyumba, toa bei ya haki.

Lipa kwa M-Pesa jina lionekane, piga picha siriali na kitambulisho chake kwa ruhusa yake, mwandikiane karatasi. Akikataa yote matatu huenda gita si lake. Na kama linakuja na ampi, geuza usome kibati cha nyuma kabla ya kuchomeka ukutani, umeme wetu ni volti 240, ampi ya Marekani iliyoandikwa 120 peke yake itaungua hapohapo mbele yako, hio inataka transfoma ya kushusha na bei ya transfoma itoe kwenye bei ya ampi.