Kabla hujaenda kukusanya kupe msitu wa Arabuko-Sokoke

Watu wengi wakisikia utafiti wa kupe wanafikiria ni kuingia msituni tu na kuokota dudu, kumbe nusu ya kazi inaisha ukiwa bado uko Malindi mjini hujapanda hata matatu ya Gede. Swali la kwanza ni unatafuta nini ndani ya huyo kupe, bakteria ama virusi, manake hapo ndo kila kitu kinaamuliwa. Kama ni bakteria, mfano rickettsia ile ya homa ya kupe ama Coxiella ya homa ya Q, kichupa cha ethanoli ya asilimia 70 kwenda juu kinatosha, DNA yao, yaani chembe za urithi unazoenda kupima, inakaa vizuri hata bila friji. Virusi ni shughuli nyingine. Vile vya homa ya Crimean-Congo, ile ya kutokwa damu, urithi wao ni RNA badala ya DNA, na RNA inaharibika haraka kupe akishakufa kwenye joto letu hili, kwa hiyo usidanganyike na barafu ya samaki pale ufukweni, hiyo inafaa changu na tafi, wewe unahitaji mtungi wa nitrojeni ya maji ama friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Ukikosa mtungi kuna njia mi naipenda sana, msafirishe kupe akiwa hai, kichupa kina jani bichi na pamba yenye unyevu kidogo, mdomoni kitambaa kilichofungwa kabisa, manake akiwa hai na kirusi ndani yake kinadumu. Ila maabara wawe wanajua unakuja, usifike Ijumaa jioni ukakuta pamefungwa.

Vibali anza mapema, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), KWS (huduma ya wanyamapori) na huduma ya misitu. Wanaolenga misitu ya Boni ama Dodori upande wa Lamu waulizie usalama kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu kitambaa. Flaneli nyeupe ya mita moja unaiburuta juu ya nyasi pole pole, kila hatua kumi unageuza unaangalia, na uangalie kwa makini kwa sababu watoto wa kupe wana miguu sita tu na ni wadogo kama chembe ya mchanga. Lakini kuna kupe hawangoji kitambaa, Amblyomma na Hyalomma wakubwa wanamfuata mnyama wenyewe, kwa hao utahitaji kwenda zizini.

Andika lebo kwa penseli, uiweke ndani ya kichupa. Nasisitiza hili kwa sababu tuliwahi kutumia kalamu ya kawaida, ethanoli ikavuja kidogo tu, wino ukayeyuka wote, kazi ya siku tatu ikawa kupe wasiojulikana wametoka wapi wala kwa mnyama gani, na iliniuma.

Mwili wako pia. Nguo za rangi nyeupe, suruali ndani ya soksi, glavu, na usimminye kupe kwa kucha hata kama ulikua ukiona watoto wakifanya hivyo, damu yake inaweza kukuambukiza. Akikuuma mshike na kibano karibu kabisa na ngozi umvute taratibu, usimchome moto wala kumpaka mafuta. Ukipata homa siku za baadaye, hasa ukiona kidonda chenye kigaga cheusi, mwambie daktari umetoka kwa kupe, la sivyo watakupima malaria tu, na homa ya kupe inatibika vizuri na doksisaiklini ikijulikana mapema.

Na mwenye zizi, piga hodi, kaa naye, mweleze kabla ya kugusa ng'ombe. Mzee mmoja upande wa Kakuyuni aliniuliza, "Mwanangu, wale mliochukua mwaka jana mliwaonaje?" Nikakosa la kumjibu. Sasa hivi namba ya simu ya mwenye zizi naiandika kwenye daftari, mstari mmoja na namba ya kichupa.